Siku ya Tatu Mpe Jembe

Sura iliyopita ilihusu wenyeji. Tuliona jinsi kampeni ya Mtu ni Afya ilivyowakusanya Watanzania wapatao milioni 2 mwaka 1973, kikundi kwa kikundi, kando ya redio, kila kikundi na kiongozi wake anayejulikana kijijini kwa jina na kwa ukoo, na jinsi watu walivyotoka kwenye mjadala wakaenda kuchimba vyoo. Sura hii inamhusu mgeni. Nimeipanga baada ya ile makusudi. Vijana wanaojiandaa kwenda kujitolea Malawi au Sudan Kusini, cheti cha afya ya jamii mkononi, huniuliza swali lile lile: mtu wa nje anaweza kuanzisha elimu ya afya katika kijiji kisicho chake, ikashika, ikabaki hata baada ya yeye kupanda basi la kurudi kwao?

Anaweza. Ila mtindo tuliouzoea haumfikishi huko. Tunaujua vizuri: andiko la mradi, gari lenye nembo mlangoni, ukumbi wa shule, fulana, bango, semina ya siku mbili, posho, picha ya pamoja. Wanakijiji huitikia sana kwenye semina. Ukiuliza umuhimu wa kunawa mikono unajibiwa kwa ufasaha kuliko ulivyoandika kwenye karatasi zako, kwa sababu mgeni hakatishwi tamaa na posho bado haijatolewa. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mradi huondoka siku ya pili jioni, kabla hajakabidhiwa jembe.

Nitasimulia habari ya mgeni mmoja aliyekaa mpaka akapewa. Ni habari ya Senegal, na sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote haimhusu yeye.

Molly Melching alizaliwa Marekani mwaka 1949, akasoma Kifaransa chuo kikuu huko Illinois, na mwaka 1974 akafika Dakar kuendelea na masomo. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alichokiona Dakar ni kwamba watu walikuwa wakiishi kwa Kiwolofu na kufundishwa kwa Kifaransa. Mtoto aliyesikia hadithi za bibi yake kwa lugha moja alikuta shuleni vitabu vya lugha nyingine, vyenye picha za nchi nyingine. Akajifunza Kiwolofu, na si kile cha kuombea chumvi mezani. Mwaka 1976 akawa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, akafungua kituo cha watoto katika mtaa wa Medina, Dakar, ambako hadithi, nyimbo na michezo ya kuigiza vilikwenda kwa Kiwolofu. Kituo kikazaa kipindi cha redio. Ilipofika mwaka 1982 alihamia Saam Njaay, kijiji kidogo katika mkoa wa Thiès, kisicho na shule wala zahanati, akakaa huko miaka kadhaa.

Hapo kwenye "miaka kadhaa" ndipo wengi wa wanaoniuliza hukunja uso. Wana miezi sita, au likizo ya chuo. Siwezi kuwasaidia kwa hilo. Mwenye miezi sita akafanye kazi ya miezi sita: apange stoo ya dawa, afundishe mhudumu mmoja kutumia kompyuta ya zahanati, asaidie wiki ya chanjo. Ni kazi za heshima kabisa. Kuanzisha programu ya elimu kijijini si mojawapo. Mwaka 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich, aliyekuwa akiishi Mexico, aliwahutubia wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa na mpango wa kwenda kujitolea huko, akawaambia kwa ukali waje kutazama, kusoma na kufurahia milima na maua, wasije kusaidia. Alizidisha, nadhani kwa kukusudia. Lakini kila ninaposoma tangazo la "wiki mbili za kubadilisha maisha Afrika" namkumbuka.

Saam Njaay hakukuwa na mtaala wa kubeba kutoka Dakar. Programu ilijengwa polepole na wanakijiji wenyewe, kwa kuanzia na yale waliyoyataja kuwa yanawasumbua, na ikafanyiwa marekebisho kila ilipokwama. Mwaka 1991 Melching akaandikisha shirika, Tostan, jina la Kiwolofu alilopendekezewa na mwanazuoni wa Senegal, Cheikh Anta Diop. Programu ikazidi kusambaa katika vijiji vingine na lugha nyingine za nchi ile.

Namna inavyoendeshwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana siri iko katika mambo madogo ambayo ripoti huyaruka. Mwezeshaji ni Msenegali anayezungumza lugha ya kijiji kile. Anahamia hapo. Kijiji kinampa chumba na chakula, na kinatafuta mahali pa kusomea: kibanda cha makuti au kivuli cha mti, na mikeka. Kama kijiji hakiko tayari kutoa chumba, darasa halianzi. Wanaosoma ni kama 30, watu wazima kwenye darasa lao na vijana kwenye lao, na wanakutana mara kadhaa kwa wiki kwa muda unaofikia miaka mitatu. Kila mwanafunzi humchukua mtu mmoja asiyesoma, dada, wifi au jirani, na kumfikishia alichojifunza. Kijiji kinachagua kamati ya watu 17, na 9 kati yao wawe wanawake. Hakuna posho ya kuhudhuria.

Mpangilio wa masomo nao ni wa ajabu kwa mtu aliyezoea elimu ya watu wazima ya kwetu. Hawaanzi na a, e, i, o, u. Sehemu ya kwanza, kwa miezi mingi, ni ya kuzungumza tu: kijiji tunachokitaka kikoje, haki za binadamu ni zipi na wajibu wake ni upi, tatizo hutatuliwaje, kisha usafi na afya. Kusoma, kuandika, hesabu na kuendesha miradi midogo huja baadaye, mtu akiwa tayari na jambo la kuandika.

Chukua somo la mtoto anayeharisha. Mwalimu wa semina angefunua karatasi kubwa na kusoma: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Watu wangeandika, au wangejifanya wanaandika. Katika darasa la namna hii somo huanzia mbali. Nani kati yetu amewahi kuuguza mtoto anayeharisha? Wote. Alifanya nini? Mmoja alimnyima maji, kwa kuwa kila akinywa yanatoka. Mwingine alimpa maji ya mchele kama mama yake alivyomfundisha. Kwa nini mdomo ulikauka? Kwa nini utosi ulibonyea? Maji yaliyomo mwilini yalikwenda wapi? Mpaka kijiko cha chumvi kinapotajwa, watu wameshakubaliana kwamba hoja ni kurudisha maji, na yule wa maji ya mchele amegundua kwamba mama yake hakuwa mjinga. Somo la aina hii hula saa mbili badala ya dakika kumi. Ila mama aliyelipata hivyo atalikumbuka usiku wa manane, mtoto akiwa mikononi na karatasi iko mbali.

Miaka ikapita kwa masomo kama hayo: kuhara, chanjo, kliniki ya wajawazito, maji ya kisima. Nalisema hili kwa sababu Tostan inajulikana duniani kwa jambo jingine, kuacha ukeketaji, na anayelisikia hudhani ndilo waliloanza nalo. Wawolofu wa Saam Njaay hawakeketi kabisa. Suala la ukeketaji liliingia katikati ya miaka ya 1990, kupitia somo la afya ya wanawake, lililoandaliwa baada ya wanawake wenyewe kuombwa waseme wanataka kujua nini kuhusu miili yao.

Malicounda Bambara ni kijiji kilicho karibu na mji wa pwani wa Mbour. Wakazi wake ni Wabambara, na huko binti asiyekeketwa aliitwa bilakoro, tusi zito, kama msagane kwa Wakurya wetu. Bilakoro hakupata mume na chakula alichopika kilikataliwa. Siku mwezeshaji alipofungua mjadala wa ukeketaji, baada ya igizo la binti aliyekufa kwa kutokwa na damu, darasa lilinyamaza. Wanawake waliokuwa wakibishana kwa sauti kuhusu kisima na chanjo waliangalia chini. Ilibidi somo lirudiwe. Hatimaye mmoja alisema, akafuata mwingine: damu, homa zilizofuata, mateso ya kujifungua, mabinti waliozikwa na kuambiwa ni majini. Wakaenda kumuuliza mkunga. Wakamwendea imamu, akawajibu kwamba dini haiamrishi.

Tarehe 31 Julai 1997 wanawake wa Malicounda walisimama mbele ya waandishi wa habari wakatangaza kwamba kijiji chao kimeacha kukeketa. Novemba mwaka ule Rais Abdou Diouf aliwasifu hadharani. Kwa kipimo cha ripoti za miradi, hapa ndipo tungepiga picha ya pamoja na kufunga faili.

Kumbe ndiyo kwanza matatizo yanaanza. Wanawake wale walitukanwa. Jirani zao walidai wamehongwa na wazungu, wameianika siri ya kabila redioni, wamewavua nguo mama zao mbele ya watu. Ndugu zao wa vijiji vingine walikasirika kuliko wote, na walikuwa na sababu ya maana ambayo wasomi wote waliohusika walikuwa hawajaiona.

Aliyeiona alikuwa mzee Demba Diawara, imamu wa kijiji cha Keur Simbara. Mwanzoni alimwendea Melching kumlalamikia. Walishirikiana vyema kwa miaka kuhusu afya na usafi, sasa analeta habari za aibu zisizomhusu? Melching hakubishana naye. Alimwomba akafanye uchunguzi wake mwenyewe: aongee na madaktari, aongee na wanazuoni wa dini, na zaidi ya yote awaulize wanawake wa nyumbani kwake.

Mzee akaenda kuuliza. Naomba msomaji apatafakari mahali hapa: imamu wa makamo yake, katika nyumba ya Kibambara, akiwauliza wanawake wa ukoo wake jambo ambalo mwanamume hajapata kuliuliza. Alielezwa maumivu waliyoyaficha miaka yote. Walimficha yeye, waliyekula naye sinia moja. Alirudi kwa Melching akiwa mtu mwingine, lakini hakurudi kuunga mkono tu. Alirudi na hoja. Malicounda wamekosea hesabu, alisema kwa maana hiyo. Kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa sababu kijiji kimoja hakioani chenyewe kwa chenyewe. Mabinti wa Keur Simbara wanaolewa katika vijiji vingine, na wake wa wavulana wao wanatoka huko. Mama anayekataa kumkeketa binti yake, huku mama mkwe mtarajiwa yuko kijiji cha pili na hajasikia lolote, anamwandalia mtoto maisha ya kukosa mume. Atakuwa mama wa namna gani? Kwa hiyo ama ukoo mzima uliotawanyika uache kwa pamoja, ama asiache yeyote.

Basi akatoka. Alikuwa mtu mzima tayari, na alikwenda kwa miguu, kijiji hadi kijiji, kwa jamaa zake waliooana nao. Hakubeba picha za vidonda. Hakutumia maneno yanayotaja viungo, kwa kuwa mbele za watu hayatamkiki. Hakuwalaumu mangariba, kwani hao nao walikuwa shangazi na bibi zake, wakifanya walichoachiwa na mama zao. Aliketi, akasalimia kwa kirefu, akaeleza alichoambiwa na nani, akawaacha wazungumze, akaondoka, akarudi tena. Kuna alikofukuzwa. Miezi ikapita. Tarehe 14 Februari 1998, katika kijiji cha Diabougou, wajumbe wa vijiji 13 walikaa pamoja na kutangaza kwa kauli moja kwamba wameacha.

Hapo ndipo programu ya elimu ya afya iliyoanzishwa na mgeni ilipoacha kuwa ya mgeni. Vitabu na filamu vimeandikwa na kutengenezwa kuhusu Melching, wakubwa wa dunia wamemtembelea, Hillary Clinton akiwa mmoja wao, na shirika lake likapata tuzo ya Hilton mwaka 2007. Anastahili. Lakini mimi ningekuwa natoa tuzo, ningempa nauli mzee Demba.

Katika kipindi hicho hicho msomi wa siasa wa Kimarekani, Gerry Mackie, alisoma habari za Malicounda gazetini akashtuka. Miaka miwili nyuma, mwaka 1996, alikuwa amechapisha makala akilinganisha ukeketaji na desturi ya Wachina ya kufunga miguu ya mabinti ili isikue. Desturi ile ilidumu karne nyingi, makatazo ya watawala hayakuitikisa, kisha ikaporomoka ndani ya kizazi kimoja mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichoiangusha, alieleza, kilikuwa vyama vya wazazi walioapa mambo mawili kwa pamoja: hatutawafunga miguu binti zetu, na hatutawaoza wana wetu kwa waliofungwa. Kiapo cha kwanza bila cha pili hakina nguvu. Mackie alifika hapo kwa vitabu na nadharia. Imamu wa Keur Simbara alifika hapo hapo kwa kuwa alikuwa na mabinti wa kuoza.

Serikali ya Senegal haikusubiri. Januari 1999 bunge lilipitisha sheria inayomfunga mkeketaji miezi 6 hadi miaka 5. Melching na baadhi ya wanavijiji waliokwisha kutangaza waliomba sheria isiharakishwe, wakihofia itavuruga mazungumzo yaliyoanza vizuri. Yalitokea waliyoyahofia: wapo waliokeketa mabinti kwa makusudi, kuonyesha kwamba Dakar haiwaamrishi, na wengine wakahamisha kisu kutoka uwanjani kwenda chumbani, na kutoka kwa binti mkubwa kwenda kwa kichanga. Sisemi sheria haifai. Binti anayekimbia usiku anahitaji polisi mwenye kifungu cha kumkamatia mtu. Nasema sheria ikimtangulia mzee kama Demba, anafika kijijini amekwisha kuitwa kibaraka.

Nimekwisha kusifu, sasa tutazame takwimu bila kupepesa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2005 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Senegal wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2019 ulikuta asilimia 25. Baada ya matangazo maelfu, vijiji zaidi ya 8,000 katika nchi kadhaa kwa hesabu ya shirika lenyewe, ni pointi 3 tu?

Sehemu ya jibu ni kwamba kipimo hiki ni kizito kusogea. Mwanamke wa miaka 45 aliyekeketwa mwaka 1980 ataendelea kuhesabiwa hata kama mabinti zake wote wako salama. Sehemu nyingine ni ramani: Wawolofu na Waserer, ambao ni wengi, hawana desturi hii, ilhali katika mikoa kama Matam, Kolda na Tambacounda zaidi ya asilimia 80 ya wanawake walikuwa wamekeketwa katika utafiti wa 2010 na 2011. Wastani wa taifa unayafunika yote mawili. Lakini sehemu ya jibu haina utetezi. Tathmini zilizofanyika katika vijiji vilivyotangaza zilikuta ukeketaji umepungua, haukwisha. Siku ya tangazo ina ngoma, magari ya wafadhili, kamera na ng'ombe. Si kila anayecheza ngoma amekubali. Mimi huwa na mashaka na sherehe yoyote ambayo mfadhili amepelekewa kadi ya mwaliko, na sidhani kwamba Tostan imelimaliza tatizo hilo.

Walikosea pia kuhusu wanaume. Miaka ya mwanzo somo la haki lililenga haki za wanawake, waume wakalisikia likipita juu ya ua kama njama, na vurugu zikatokea majumbani. Likabadilishwa likawa somo la haki za binadamu wote, wanaume wakakaribishwa mikekani, na mambo yakatulia. Anayepanga programu ya afya ya mama na mtoto leo, mkoa wowote wa Tanzania, asijifanye hajui nani anatoa nauli ya bodaboda kwenda kliniki.

Nije nyumbani, kwa kuwa naona msomaji Mkurya wa Tarime amekwisha kunitangulia. Kwa jumla nchi zetu zimekwenda vizuri kuliko Senegal. Tanzania ilikuwa na asilimia 18 mwaka 1996 ikashuka hadi 10 katika utafiti wa 2015 na 2016. Kenya ilikuwa na 38 mwaka 1998, ikafika 15 mwaka 2022. Lakini wastani unafunika kwetu pia. Kwa Wakurya kisu bado kinatoka Desemba inapofika katika miaka ya shufwa, wazee wa mila wakishatoa ruhusa, na mabinti wanakimbilia nyumba salama kwa mamia. Nyumba zile zimeokoa maisha, na wanaoziendesha wanafanya kazi ngumu mno. Lakini Januari binti anarudishwa kwao, na kwao hakuna aliyeketi mkekani.

Kenya kuna jaribio la zamani ninaloliheshimu. Mwaka 1996 huko Tharaka, shirika la Maendeleo ya Wanawake na wenzao walianzisha unyago mbadala wa wasichana: wiki ya kukaa ndani, mafundisho, sherehe, zawadi, bila kukatwa. Lilienea kwa jamii nyingine, na mahali lilipotanguliwa na mazungumzo marefu na wazazi lilishika. Mahali lilipogeuzwa kambi ya likizo, binti alipewa cheti na soda, akarudi nyumbani, na mama mkwe wa kesho hakuwa na habari.

Na mama mkwe huyo, kwa Wakurya, mara nyingi yuko ng'ambo ya mpaka. Wairege wako Tanzania na Kenya, Wanyabasi vivyo hivyo. Wanaoana, wanazikana, wanavusha ng'ombe wa mahari Sirari na Isebania bila kujali bendera. Wasichana nao wanavushwa: Kenya kukiwa na msako, kisu kinafuatwa Tanzania, na Tanzania kukichacha, kinafuatwa Kenya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaadhibu hata kumvusha binti mpaka kwa ajili hiyo. Ya Tanzania ya mwaka 1998 inamlinda binti aliye chini ya miaka 18. Aprili 2019 mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa wakakubaliana kuzuia ukeketaji wa kuvuka mipaka. Ni jambo jema. Ila mawaziri wale hawaozeshani mabinti.

Programu nilizoziona katika ukanda ule, za wageni na za wenyeji, karibu zote huishia kwenye kibao cha mpaka. Mfadhili wa Tanzania analipia Tarime, wa Kenya analipia Kuria, kila mmoja na semina yake, fulana zake na ripoti yake. Wazee wa mila wanaosikilizwa pande zote mbili wanaitwa upande mmoja, wanapewa posho, wanapigwa picha, na wakirudi nyumbani wanakuta mahari ya binti imekwisha kujadiliwa na watu ambao hawakuwa kwenye picha.

Wewe unayejiandaa kwenda kujitolea huko, au unayekaa Dar es Salaam au Nairobi ukiandika andiko la mradi usiku huu, jifunze Kikurya kwanza, na omba chumba kijijini badala ya hoteli ya mjini. Halafu rudi kwenye bajeti. Punguza fulana. Kata mabango. Weka nauli ya wazee wa Tarime kwenda Kehancha, na ya wazee wa Kehancha kuja Tarime, ya mara nyingi, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na uwaache wazungumze wewe ukiwa hupo.